Sifuri Kumi na Moja za Mama Gundi

Baba Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, wazee wenzangu wa kanisa mliokaa hapa mbele kwenye viti vyenye mito, viongozi wa kwaya zote mbili, akina mama, akina baba, vijana, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliofika mkakuta viti vimekwisha mkasimama dirishani, Bwana asifiwe.

Nimesikia. Amina ya hapa mbele imekuwa kubwa kuliko ya dirishani. Leo ningependa iwe kinyume, lakini tuendelee.

Kwanza niwape masharti. Mnajua kiharusi kilinipitia, na maneno yangu bado yanarudi mojamoja kama kuku jioni. Mkiona nimenyamaza katikati ya sentensi, msipige makofi mkidhani nimemaliza. Neno limepotea na ninalitafuta. Likichelewa, mke wangu, yule pale mwenye kitambaa cha bluu, atalitaja. Amekuwa akinimalizia sentensi tangu tulipooana, tofauti ni kwamba sasa namshukuru. Hotuba hii nimeitamka mimi, ameiandika yeye kwa herufi kubwa, na ninaona hapa juu ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Usiwafokee." Nitajitahidi.

Ndugu zangu, mmeniaga vizuri. Mmenisifu mpaka nikageuka nyuma kuangalia anayesemwa ni nani. Msemaji aliyenitangulia amesema kwamba katika miaka thelathini na mmoja ya kufundisha darasa la ubatizo nimeingiza watu mia sita na zaidi katika nyumba hii. Ni kweli, sikatai. Hakusema niliowazuia mlangoni, na mimi nimesimama hapa kwa ajili ya mmoja wao.

Kwa wageni ambao hamjui utaratibu wetu, nieleze. Mtu mzima akitaka kubatizwa hapa, anakaa darasani mwaka mzima, kila Jumamosi alasiri, katika kile chumba cha nyuma chenye ubao uliopasuka. Anakariri maswali arobaini na majibu yake. Mwisho wa mwaka anaitwa chumba cha wazee, anasimama mbele ya meza, wazee saba upande wa pili na mimi katikati na kalamu, naye anajibu neno kwa neno kama kijitabu kisemavyo. Akikosa swali moja tu, anarudi darasani mwaka mwingine. Kijitabu hicho nilikitunga mimi. Majibu niliyatunga mimi. Na hiyo kanuni ya neno kwa neno ni yangu pia, tena siku nilipoipendekeza nilipigiwa makofi. Vijana waliniita Mwalimu Rudia, wakidhani sijui.

Je, kanuni ilifanya kazi? Kuna kijana mmoja alijibu yote arobaini bila kuvuta pumzi. Nilisimama nikampa mkono mbele ya wazee. Tangu siku ya ubatizo wake hatujamwona tena. Si mgonjwa, anaishi mtaa wa pili, na juzi alinipita kwa baiskeli akanipungia mkono.

Sasa, kuna fundi viatu. Nyote mnamjua kwa miguu yenu, hata kama hamjui anaishi wapi. Anakaa nje ya ukuta wetu, upande wa lango dogo, chini ya kipande cha bati alichokifunga kwa waya. Tunamwita Mama Gundi kwa sababu ya harufu ya vidole vyake. Mahali pale palikuwa pa mumewe. Mume alipofariki, yeye alikaa nyuma ya sanduku lilelile, akashika sindano ileile, na waliocheka kwamba mwanamke atashonaje buti walikuja wiki ya pili na buti zao mkononi. Si mtu wa huku. Alimfuata mumewe kutoka mbali, kwao wanasali kwa namna nyingine, na ndugu zake walipomwita arudi baada ya msiba hakurudi. Kusoma hakupata nafasi ya kujifunza.

Jumamosi moja akaja darasani kwangu. Akavua ndala mlangoni, akakaa benchi la mwisho karibu na ndoo ya maji, na hapo akakaa miaka kumi na mmoja.

Msifikiri alikuwa mzito wa kichwa. Swali la kwanza mpaka la nane alikuwa anayajibu vizuri kuliko wengine wengi waliofaulu. Tatizo lilikuwa la tisa. Swali la tisa linauliza, neema ni nini? Na jibu la kijitabu, ambalo nililiandika nikalipenda mno, ni hili: "Neema ni wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili, unaotolewa bure, kwa mapenzi yake mwenyewe." Si jibu refu. Lakini kila nikimuuliza Mama Gundi neema ni nini, anasahau kijitabu, anaanza kunisimulia.

Karatasi zote za mitihani ninazo, maana sikuwahi kutupa hata moja, na kila alichosema nilikiandika kama mtahini anavyotakiwa. Mwaka wa kwanza alitazama dari, kisha akasema: "Neema ni vile mume wangu alipokufa, mkaniacha nikae ukutani kwenu." Nikamwambia, "Mama, hilo si jibu," nikaandika sifuri. Na ukweli wenyewe, ndugu zangu, ni kwamba hatukumwacha. Ajenda ya kumwondoa ilipangwa mara tatu, na mara tatu wazee tulioitwa hatukutimia idadi. Tulishindwa kumfukuza kwa uvivu wetu, yeye akaenda nyumbani kumshukuru Mungu kwa ajili yetu.

Mwaka wa nne alisema: "Neema ni siku ile mvua ilinikuta nimekwenda msalani, sanduku limebaki wazi, na mtu nisiyemjua akalifunika kwa koti lake akaondoka zake analowa." Nikaandika sifuri. Nilimuuliza kama ana la kuongeza, akasema koti lenyewe bado analo, mwenyewe hajarudi kulidai.

Mwaka wa saba ndio unaoninyima usingizi. Nilimuuliza, naye hakutazama dari, alinitazama mimi. Akasema: "Neema ni wewe, Mwalimu. Kila mwaka unanikataa, na kila mwaka unaniandika jina tena." Mzee mmoja alikohoa. Mwingine aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mimi niliandika sifuri, kwa mkono huu huu ambao leo hauwezi kushika kikombe.

Mtaniuliza, kwa nini hakwenda kwingine? Makanisa yanayobatiza baada ya wiki mbili yapo, na mimi mwenyewe nilimwelekeza, nikidhani namsaidia. Akanijibu, "Mimi nimekuja hapa." Basi akabaki hapa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; sisi jembe tulimpa siku ya kwanza. Viatu vya kwaya ameshona yeye. Mkanda wa kengele ulipokatika ameushona yeye. Na kila siku ya ubatizo, wenzake aliosoma nao walipoinamishwa kichwa juu ya maji, yeye alikuwa nje dirishani, hapo hapo mliposimama ninyi, akipiga makofi.

Hujafa hujaumbika. Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi, nikifunga vifungo vya shati, mkono wa kulia ulikataa. Nilitaka kumwita mke wangu, mdomo ukatoa neno "sahani." Sikuwa na njaa. Hospitali daktari aliniuliza jina langu, nikamwambia sahani. Nikitaka maji, sahani. Nikitaka dirisha lifungwe, sahani. Niliporudishwa nyumbani, mke wangu aliniletea sahani zote za kabatini mojamoja, akiuliza ni ipi. Chekeni tu, hata yeye sasa anacheka, ingawa siku ile alikaa jikoni akalia.

Baba Mchungaji, ulikuja kuniona. Ulinishika mkono ukasema tuombe pamoja ile sala ya Bwana ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua. Ukaanza. Nikafungua mdomo, nikasema sahani. Hukushtuka, uliendelea kwa upole, ukaimaliza peke yako. Ulipotoka niligeukia ukuta. Nikwambie leo kwa nini niligeuka, maana siku ile sikuwa na njia ya kukwambia. Katika kijitabu changu sala ile ndiyo swali la kwanza, na asiyeijua haulizwi la pili. Nililala pale nikajitahini mwenyewe, nikajipa alama, na kwa kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu sikuwa na nafasi katika nyumba hii. Niliogopa kufa. Niliogopa kwamba nitafika mbele za Mungu naye ataniuliza, nami nitamjibu sahani.

Siku ya tatu baada ya hapo, alasiri, nikasikia mtu anavua ndala mlangoni. Alikuwa Mama Gundi. Alikuwa ameleta viatu vyangu vyeusi, vile nilivyomwachia kabla sijaugua, amevibadilisha soli. Mke wangu akampa kigoda. Nilitaka kumwambia karibu, na mnajua kilichotoka.

Hakuniuliza sahani ipi. Alisema, "Usijisumbue, Mwalimu. Mimi maneno yamenikataa miaka kumi na mmoja, na hakuna siku niliyoamka nikakuta Mungu ameondoka." Kisha akatoa kandambili ya mtu mkobani, akaanza kushona. Baadaye, bila kuinua macho kwenye kazi, akaomba. Nimeyashika maneno yake kwa sababu hayakuwa mengi. "Baba, mwalimu hana maneno leo. Na mimi unanijua. Tusikilize hivyo hivyo." Akakata uzi kwa meno, akachukua kiatu kingine.

Alikuja kila siku baada ya kufunga kazi. Hakunihubiria, hakunikumbusha sifuri zake, hakunifundisha kutamka a-e-i-o-u kama jirani mmoja niliyewahi kumfelisha, aliyetaka kulipiza kisasi. Alikaa akashona, akasema sala yake fupi, akaaga. Na wiki ya sita, aliponyanyuka aende, nilifungua mdomo nikasema, "Kaa." Mke wangu akaangusha sufuria. Mama Gundi akakaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka yote nilidhani ni maneno ya kuchangamsha sherehe.

Maneno yaliporudi ya kutosha nilimuuliza lile lililokuwa likinikaba. Nilimuuliza, "Mama, hukunichukia?" Akasema, "Nilikuchukia. Mwaka wa tano nilikuchukia sana, nikakupigilia kisigino kwa misumari mifupi makusudi." Nikakumbuka. Kiling'oka siku ya Pasaka, nikipanda kusoma somo, na nyote mliona nilivyopanda nikichechemea. "Nikatubu," akasema, "nikakirudia bure." Halafu akasema hili, nalo ndilo lililonitoa kitandani kuliko dawa zote: "Mwalimu, umeniuliza mambo mengi. Hujawahi kuniuliza kama namtaka huyo Bwana mwenyewe."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nawafundisha nini miaka thelathini na mmoja? Nilifundisha habari za yule askari wa kigeni aliyesifiwa imani yake kuliko wenyeji wote. Nilifundisha habari za yule mama wa taifa jingine, aliyekuja kumwombea binti yake, wanafunzi wakasema afukuzwe anatupigia kelele, naye akarudi nyumbani kwake binti amepona. Nilifundisha habari za yule afisa wa mbali aliyekuwa safarini, aliyeyaona maji kando ya njia akauliza kinachomzuia kubatizwa ni kipi, na hakuna aliyemtajia kitu. Huyo hakukaa darasani hata Jumamosi moja. Nilisimulia habari hizi mpaka watu wakafuta machozi, kisha nikachukua kalamu nikampa sifuri mwanamke aliyekaa karibu na ndoo. Je, Mungu wetu alimngoja mtu gani ajue majibu kwanza ndipo ampende? Je, mimi alinipenda siku niliyomaliza kutunga kijitabu? Nilimuuliza neema ni nini mara kumi na moja, mara kumi na moja akanionyesha mahali alipoiona kwa macho yake, na mimi, mwalimu, nikamwambia si jibu.

Mke wangu ameandika hapa: "Pumzika." Nimepumzika.

Alhamisi iliyopita nilipeleka ombi kwa Baraza la Wazee kwamba Mama Gundi abatizwe. Sitaficha yaliyosemwa, maana wazee wenyewe wako hapa na wana haki ya kunikanusha. Mzee mmoja, simtaji, amevaa koti la kijivu na sasa anaangalia sakafu, alisema, "Amekula ng'ombe mzima, atashindwaje na mkia? Arudie tu mwaka mmoja." Mwingine akasema, "Tukimpitisha huyu, waliofeli wengine watasemaje?" Nikawaambia waliofeli wengine nao tuwafuate, majina yao ninayo yote. Tukabishana. Mwisho Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa haki na leo sina ugomvi naye, akafungua kitabu cha kanuni akasoma: hatabatizwa mtu mzima asiyefaulu mtihani wa mdomo mbele ya wazee. Kanuni yangu hiyo, ikanikata kama panga la mwenyewe. Nikamwomba asome na mstari unaofuata. Akasoma: maswali yatachaguliwa na mtahini. Mstari huo niliuweka zamani ili nipate nafasi ya kuongeza maswali magumu. Baraza likakubali kwamba mtihani ufanyike leo, mbele ya wazee na mbele yenu nyote, mtahini akiwa mimi, kabla sijakabidhi kalamu.

Jana nilikwenda ukutani kumwambia. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama huyu anaogopa. Aliacha sindano, akasema, "Mara ya kumi na mbili, Mwalimu, tena mbele ya watu wote? Nihurumie." Nikamwambia swali ni moja. Akauliza, "La tisa?" Nikamwambia si la tisa. Sikujua kama atakuja. Usiku mzima mimi ndiye niliyekuwa mtahiniwa.

Amekuja. Yule pale karibu na mlango, amevaa nyeupe, na mkoba wake wa kazi uko miguuni. Mpisheni kidogo aonekane. Wazee wa kanisa, tafadhali simameni, ninyi ni mashahidi. Mama, usije mbele, jibu hapo hapo ulipo.

Mama Gundi, unamtaka?

Walio dirishani hamkusikia, alisema polepole. Amesema, "Namtaka. Tangu kabla hujaniandika." Mwenyekiti, andika kwamba mtahini ameridhika. Amefaulu. Sasa makofi mnaweza kupiga, sikuwazuia yote.

Limebaki jambo moja kabla sijakaa. Utaratibu wetu unataka anayebatizwa awe na msimamizi, mtu wa kusimama naye kwenye maji na kumshika bega, na msimamizi huyo ni yeye mwenyewe anayemchagua. Wako watu wengi hapa wenye ndimi nzuri kuliko wangu. Sala ya Bwana naiweza mpaka katikati, kisha inanikimbia, na mbele ya maji kila mtu ataona. Lakini Mama, nakuomba mbele ya hawa wote, niruhusu nisimame nawe. Miaka kumi na mmoja nilikuwa na haki ya kukukataa, nikaitumia yote. Leo haki hiyo ni yako, na ukinikataa sitakata rufaa.

Baba Mchungaji, nakushukuru kwa kuleta beseni bila kuniuliza mengi. Wazee wenzangu, nawashukuru kwa kubishana nami kama ndugu. Mke wangu, nakushukuru kwa herufi kubwa. Na ninyi nyote mlioketi na mliosimama, asanteni kwa kunisikiliza na kwa kunisubiri pale nilipokwama.

Anatikisa kichwa kwamba ndiyo. Basi, Mama, uache mkoba hapo, hakuna atakayeugusa. Nakuja kukuchukua. Natembea taratibu, mniwie radhi.